Mnaoniuliza kofia yangu iko wapi, jibu lake ni hili

Wakuu, asalaam aleikum. Kwa wasio wa salamu hiyo, habari za mchana.

Juzi nilibadilisha picha yangu humu jukwaani. Ndugu mmoja akaandika chini yake, "Mkuu, kofia umeipeleka wapi? Siku hizi tunaona uwanja wa ndege tu." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaiweka simu chini na sikuishika tena mpaka jioni.

Swali lile lina jibu. Ni refu, tena ni la aibu. Nitalisema lote, na mkiona mahali nimejipunguzia kosa, nishikeni hapo hapo.

Mimi ni mtu wa Likoni, kwetu kabisa. Kazi yangu iko Changamwe, kwenye kiwanda cha dawa ambacho sitakitaja. Si upande wa dawa za kuuza. Niko chumba cha majaribio, pale dawa mpya inapotengenezwa kidogo kidogo mpaka ipatikane njia ya kuitengeneza kwa wingi.

Miaka mingi tulijaribu dawa za kawaida: kikohozi, minyoo, maumivu ya mgongo. Unga ukimwagika unafagia, unapiga chafya, unaendelea na kazi.

Kisha ikaja kazi ya vidonge vya kupanga uzazi.

Hapa nisimame kidogo, maana asiyeelewa hapa hataelewa mbele. (Watu wa pharmacy mtanisahihisha.) Dawa ya namna hii nguvu yake ni kubwa mno. Ukichukua kidonge kimoja, karibu chote ni wanga na vijazio, na dawa yenyewe humo ndani ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Sasa mfikirie mtu anayeupima unga wake mtupu, kabla haujachanganywa na kitu. Vumbi lake hulioni, halinuki, haliwashi. Na huingia mwilini kwa pua, kwa mdomo na kwa ngozi.

Kwa hiyo kiwanda kikakijenga upya chumba chetu.

Likaletwa kabati la kioo lenye glavu ndefu. Unaingiza mikono, unafanya kazi, unga unabaki ndani. Hewa ikawa inavutwa kuelekea ndani, hata mlango ukifunguliwa vumbi halitoki. Unga wenyewe ukawa unaingizwa ndani ya mfuko mrefu wa plastiki, unafungwa mara mbili na kukatwa katikati ya mafundo, ili mdomo wa mfuko usibaki wazi hata kidogo. Tukapewa suti nyeupe za kuvaa mara moja na kutupa, zenye kifuniko cha kichwa, na barakoa. Ukitoka unavua vyote upande mchafu, unaoga, unavaa nguo zako upande safi.

Na kulikuwa na kamati ya kusimamia maboresho hayo. Mimi nilikuwa mjumbe. Nilisema sana kwenye mikutano, wakuu. Kuna binti nilimkemea mbele ya watu kwa kuingia na saa ya mkononi.

Sasa kofia.

Wanaonijua wanajua kuwa sikuwa natoka mlangoni kichwa wazi. Kofia yangu haikuwa ya mashine. Ilishonwa kwa mkono, kila kitundu peke yake, na aliyeishona ni mke wangu wakati wa uchumba wetu. Nitamwita Mwanasiti, silo jina lake. Ilimchukua miezi sita.

Utaratibu wa kiwanda ulisema hakuna cha nyumbani kinachoingia mle ndani. Kofia yangu iliingia. Nilikuwa naivaa chini ya kile kifuniko cha suti.

Msimamizi wetu, Kilonzo, mtu wa bara, mpole sana, aliiona siku ya kwanza akaniita kando.

"Mzee, hiyo kofia si ingebaki tu huko nje?"

Nikamkazia macho. "Kilonzo, haya ni mambo ya dini. Usiyaingilie."

Akainua mikono juu. "Ah, hapo mimi siingii. Wewe endelea tu."

Wakuu, ule ulikuwa uongo. Dini haikunilazimisha kuvaa kofia kwenye chumba cha dawa, na shehe yeyote angeniambia niivue. Ukweli ni kwamba nina upara, ule wa kung'aa, ulionianza kabla hata sijaoa, na vijana wa pale kazini nilikuwa nikiujua ulimi wao. Nilijificha nyuma ya dini kwa sababu ya upara.

Nikapigilia msumari karibu na mlango wa bafu. Nikimaliza kazi navua suti, naitundika kofia pale, naoga, kisha naichukua naenda nayo nyumbani. Mjumbe wa kamati huyo.

Nyumbani Mwanasiti alikuwa akiifua kila Alhamisi ili niivae Ijumaa. Wenye kofia hizi mnajua, haitupwi kwenye beseni pamoja na nguo nyingine. Inasuguliwa polepole kwa vidole, inatiwa wanga, inavishwa kwenye bakuli ikauke na umbo lake. Kitundu kikifumuka anakirudishia. Uzi anaulainisha kwa midomo upate kuingia kwenye sindano, na akimaliza anainamia kofia na kuukata kwa meno.

Haya, tumefika nyumbani.

Tumeoana miaka mitano na mtoto hatujapata. Mwanzo hatukuwa na haraka. Tulipoanza kuwa na haraka, ndipo siku zake zilipoanza kwenda kombo, na kabla ya hapo hazikuwahi kumsumbua. Mwezi mmoja zinakuja mara mbili, kisha miezi miwili haziji kabisa. Zikichelewa tunafurahi kimya kimya. Halafu zinakuja.

Tukaenda hospitali. Daktari, mama mtu mzima, akayatazama majibu ya damu.

"Unatumia dawa ya kupanga uzazi?"

"La," Mwanasiti akajibu.

"Hata sindano?"

"Daktari, mimi natafuta mtoto."

Daktari akaandika, kisha akamwuliza tena lile lile, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachoambiwa.

Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Mtu ambaye kutwa mikono yake iko ndani ya dawa hiyo hiyo. Wallahi halikunijia. Nililofikiria ni moja tu, kwamba huyu mwanamke anameza vidonge kwa siri.

Ningekuwa na akili ningelinyamazia. Nililipeleka kwa mama.

Mama akalipeleka kwa mashangazi. Haikupita wiki, nyumba nzima ikawa inajua kwamba Mwanasiti hataki kunizalia. Hakuna aliyemwambia usoni. Akiingia jikoni maneno yanakatika, na anayekuna nazi anazidisha kukuna.

Jumamosi moja alikwenda arusini Bombolulu. Nilibaki nyumbani, nikapekua. Kabati, mkoba, chini ya godoro, mpaka kopo lake la mafuta ya nazi nililitia kijiti nikakoroga. Sikupata kitu. Nguo nikazirudisha nilivyoweza.

Aliporudi akafungua kabati, akazitazama nguo zake.

"Umekipata ulichokuwa ukitafuta?"

Nilitoka nikaenda msikitini mapema, kabla hata ya adhana.

Kuna jingine, na hili nimeliandika nikalifuta mara tatu.

Miezi hiyo hiyo kifua changu kilianza kuuma. Chini ya chuchu pakaota kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Halafu pakavimba. Mimi mwanamume, na ndevu zangu, nikawa na matiti. Nikaanza kuvaa fulana mbili ndani ya shati, katika joto hili letu. Kwenda kuogelea na ndugu zangu nikaacha, nikisingizia maji baridi.

Kiwandani nesi hutuita mmoja mmoja na kutuuliza kama kuna mabadiliko yoyote ya mwili. Swali limewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo hayo. Nilijibu, "Alhamdulillahi, sina neno." Ningefungua vifungo viwili tu vya shati siku ile, yote yangeishia pale.

Ikafika mama akaitisha kikao. Jumapili, baada ya adhuhuri, baba yake Mwanasiti na ami yake waje, binti yao aulizwe mbele ya pande zote mbili juu ya vidonge. Neno talaka halikutajwa, lakini kila mtu alilijua. Mama aliniuliza, "Wakiafiki, uko tayari kuliandika?"

Nikasema nitafuata watakaloamua wazee.

(Nitarudi, alasiri imeingia.)

Nimerudi.

Alhamisi ya wiki ile ile, kiwanda kilimwalika mtaalamu kutoka Nairobi aje kutupima. Madam Akinyi, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye begi kubwa. Akatukusanya.

"Leo hamtagusa dawa," akasema. "Kabatini nimeweka unga wa vitamini, hauna madhara. Lakini ukimulikwa na taa hii ya zambarau unang'aa. Fanyeni kazi kama kila siku. Msijifanye wazuri kwa sababu niko."

Tukapima, tukachanganya, tukafunga mifuko, tukakata. Tukavua, tukaoga, tukavaa, tukapanga mstari upande safi. Akamulika kwanza mle ndani. Meza safi, sakafu safi, ukingo wa kabati una alama ndogo tu. Kilonzo alikuwa akitabasamu. Nikampa mkono wa pongezi.

Akazima taa za chumba, akaanza kutumulika sisi. Kilonzo alikuwa safi mpaka taa ilipofika kwenye kiganja chake cha kulia. Kikang'aa. Akastaajabu, akakifuta kwenye suruali, na suruali nayo ikang'aa. Mabinti wawili, safi. Kisha mimi.

"Eh!" mtu akasema gizani.

Sikuona walichokuwa wakikiona. Madam Akinyi akasema kwa adabu, "Naomba uivue, uitazame mwenyewe."

Nikaivua. Kwenye ukingo wa mbele palikuwa na alama za vidole vinne, vyangu. Mimi nina mazoea, nikishavua kifuniko cha suti lazima niiweke kofia sawa, na nilikuwa nafanya hivyo kabla ya kuvua glavu. Siku zote. Na juu, kila kitundu alichokishona Mwanasiti kilikuwa kimejaa mwanga wa njano.

Paji la uso wangu liling'aa. Kitasa cha mlango kiling'aa, nilikigusa mimi. Kile kiganja cha Kilonzo ndicho nilichokishika wakati wa kumpongeza.

"Hii hufuliwa wapi?" Madam Akinyi akauliza.

"Nyumbani."

"Na nani?"

Wakuu, jibu lilikuwa neno moja tu. Badala yake likanijia swali la yule daktari. Yakaja meno ya Mwanasiti yakikata uzi. Nikashika ukuta, na ukuta nao nikauchafua.

Taa zilipowashwa nilimwomba tuzungumze pembeni. Nikamwambia habari za kifua changu. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia, mgeni, mwanamke, na hakucheka. Akamwita daktari wa kiwanda. Daktari akanipima, akasikiliza na habari za mke wangu, akasema hawezi kuapa mpaka vipimo vitoke, lakini inawezekana sana. Mke wangu asiguse tena chochote changu cha kazini.

Kofia ikatiwa kwenye mfuko wa manjano wa taka za kuchomwa. Niliitia mimi mwenyewe.

Nikarudi Likoni kichwa wazi. Nilidhani kivuko kizima kitanitazama. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nilipoingia uani, Mwanasiti alikuwa kwenye kibao. Beseni mbele yake, maji tayari, sabuni tayari, wanga umekorogwa. Alhamisi.

"Kofia i wapi? Maji nimeshatia."

Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia. Lote, pamoja na msumari, pamoja na Kilonzo na dini. Alisikiliza huku mikono yake iko ndani ya maji. Nilipomaliza akaitoa, akaifuta kwa leso kidole baada ya kidole.

"Kwa hivyo vile vidonge ulivyokuja kuvitafuta kabatini mwangu, ulikuwa umevivaa wewe."

"Ndiyo."

"Na kifua chakuuma tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani."

"Nami naulizwa na daktari mara mbili kama mwongo, na wewe umekaa."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Usiniombe radhi hapa. Sikuaibishwa hapa. Jumapili wanakuja wote. Utasema?"

Nikasema nitasema.

Akasimama, akaumwaga ule wanga kwenye mfereji wa uani. Alipofika mlangoni akageuka. "Na kofia yangu wameichoma?"

"Watakuwa wameichoma."

Hapo ndipo alipolia.

Jumapili sebule ilijaa. Mama, mashangazi wawili, baba mkwe na ami yake. Mwanasiti alikaa karibu na mlango wa chumbani. Mama alipoanza kuzungumza nilimkatiza, jambo ambalo maishani sijawahi kulifanya.

"Mama, kwa heshima yako, niache niseme mimi kwanza. Mwanasiti hajameza kidonge hata kimoja. Dawa imeingia nyumba hii kwa kichwa changu."

Nikaeleza. Shangazi mkubwa akatikisa kichwa. "Mwanangu, amekufundisha hayo useme. Kofia itamzuia mtu kuzaa?"

Nilijua maneno hayatatosha. Nikafungua shati, nikavua fulana ya kwanza, nikavua ya pili. Nikakaa hivyo mbele ya baba mkwe wangu.

Shangazi akajifunika uso kwa leso. Ami akatazama mkeka. Na mimi nimekaa na matiti yangu mbele ya watu ambao juzi nilikubali wamkalie mke wangu kitako.

Baba mkwe ndiye aliyesema. "Inatosha, mwanangu. Vaa shati."

Angenitukana ingekuwa afadhali kwangu.

"Kwa nini hukusema?" mama akaniuliza, machozi yakimtoka.

"Niliona haya, mama."

Mama akamgeukia Mwanasiti. "Mwanangu, nimekukosea."

"Mama, wewe ulisema usilolijua," Mwanasiti akamjibu, taratibu. "Sina neno nawe. Huyu mwanao alikuwa na lake kifuani, akaniacha nihukumiwe peke yangu."

Kikao kikaishia hapo. Chai haikunywewa.

Kiwandani nilisimama mbele ya wenzangu nikasema yote, isipokuwa ya chumbani. Kilonzo alikuja akaniambia, "Mzee, niliogopa kukukosea dini yako, nikakukosea zaidi." Nikamwambia kosa si lake.

Madam Akinyi, ambaye alikuwa hajarudi Nairobi, siku ile alimwomba kila mtu ataje anachoingia nacho. Wakuu, vilitoka vitu! Mmoja ana rozari chini ya fulana. Mwingine hirizi kiunoni, ya mkoba wa ngozi. Kuna aliyekuwa akificha simu kwenye soksi. Yule binti niliyemkemea kwa saa alikuwa amekaa mbele kabisa, ananitazama tu. Sote tulikuwa tunasifia kabati la kioo.

Sasa kofia ni za kiwanda, za kutupa, na glavu za nje zinavuliwa kabla ya kugusa kichwa. Taa ya zambarau inawashwa mara kwa mara bila kutangazwa. Nesi anauliza maswali yake mlango ukiwa umefungwa, na anauliza pia hali ya mke au mume. Ule msumari niliung'oa mimi. Tundu lake bado liko ukutani.

Kifua kimepungua, hakijaisha. Siku za Mwanasiti zimerudi kuwa kama zamani, na daktari yule yule alimwomba samahani. Mtoto bado. Inshallah.

Nimejifunza nini? Kwamba unaweza kulizuia vumbi kwa vioo na mashine, likatoka na kitu ambacho watu wanaona tabu kukitaja. Na kwamba haya, tunayoisifu sana huku kwetu, ukiishika mahali si pake anayeumia ni mwingine.

Wenzangu mnaofanya kazi za rangi, za dawa za wadudu, za betri, za saruji: mnarudi nyumbani na nini, na nani anakifua? Semeni hapa chini. Hata kucheka chekeni.

Nilimwuliza Mwanasiti kama ipo siku atanishonea kofia nyingine. Akasema la. Akasema nikae hivi hivi, na kila atakayeniuliza kofia i wapi nisimwambie imepotea. Nimwambie. Nimeshamwambia muuza kahawa, nimemwambia imamu, nimewaambia jirani zetu wa kushoto na wa kulia. Na wewe ndugu wa uwanja wa ndege, uliuliza, nimekujibu.

Uzi huu ameusoma kabla sijautuma. Hakubadilisha kitu. Amefuta sentensi moja tu, ile niliyoandika kwamba amenisamehe.